Aliyetufundisha Siku ya Mwisho

Mwinjilisti alikuwa na jozi moja ya viatu vya ngozi, na kila alipovivua aliviweka barazani, ncha zikielekea barabarani. Nilipomuuliza mkewe, Mama Ruthi, kwa nini havigeuzwi kama vya watu wengine, alijibu bila kucheka: "Akiitwa, asipoteze muda wa kugeuka."

Jina alikuwa nalo, la nyumbani na la ubatizo, lakini sikuwahi kusikia mtu akimwita kwa hilo wala lile. Wachimbaji walimwita Mwinjilisti, watoto wakamwita Mwinjilisti, hata mkewe alipomwita chakulani alisema, "Mwinjilisti, ugali unapoa." Nilikuwa jirani yake kwa miaka minane, uani kwetu na uani kwake pakitenganishwa na ua wa minyaa tu. Alinifundisha kusoma. Alinifundisha pia kuogopa, na hicho cha pili nimekisahau kidogo kuliko cha kwanza.

Mgodi wetu ulikuwa mdogo, kando ya njia ya kwenda Geita. Ulikuwa na mashimo matatu, kinu cha kusagia mawe kilichotikisa vyungu vyetu mchana kutwa, na kijiji kilichoota pembeni kama magugu yaotavyo kando ya kisima. Mwinjilisti hakuwa akishuka shimoni. Kazi yake ilikuwa katika chumba cha taa: kila anayeshuka alipewa taa kwa mkono wake, na anayepanda aliirudisha mkononi mwake. Zamani, alipomkabidhi mtu taa, alikuwa akimwuliza, "Uko tayari?" Watu wakalalamika. Ni nani anayetaka kuulizwa swali kama hilo akiwa anaingia chini ya ardhi? Nyapara akamkataza. Akaacha kuuliza, akawa anawatazama tu machoni, na mume wangu akasema hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Afadhali aseme," aliniambia Baba Kulwa. "Akisema naweza kumjibu."

Na kumjibu aliweza. Baba Kulwa alikuwa mtu wa mzaha, mkubwa wa mwili, asiyekanyaga kanisani ila siku za harusi. Siku moja alimwambia kupitia minyaa, "Mwinjilisti, muombe huyo Bwana wako aje siku ya zamu yangu. Nitakuwa nimeshazikwa tayari, atanipunguzia kazi."

Mwinjilisti hakukasirika. Alisema, "Utacheka, Baba Kulwa, mpaka palapanda ilie." Hakuweza kuisema *r*, kama wengi wetu tuliolelewa na Kisukuma, na hilo neno lake la palapanda lilikuwa mchezo wa watoto wa kijiji kizima. Lakini mtoto aliyeliiga mchana hakuliiga kanisani. Kule, neno lilelile kwa ulimi uleule liliwafanya watu wazima wakunje vidole vya miguu.

Nyumba yake haikuwahi kumalizika. Upande mmoja ulikuwa umekandikwa, upande wa pili fito ziko nje kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Mama Ruthi alinung'unika kila masika. Mwinjilisti alisema hakuna sababu ya kupaka udongo ukuta utakaoungua. Lakini shamba lake la muhogo! Hapakuwa na shamba safi kama lile toka mgodini hadi mtoni. Muhogo ni zao la mtu asiye na haraka; unauweka ardhini na kuungoja mwaka, hata miwili. Nikamwuliza inakuwaje mtu anayengoja mwisho wa dunia apande muhogo.

"Akinikuta nalima, amenikuta kazini," alisema. "Akinikuta napamba kuta, ataniuliza nilikuwa najificha nisionwe na nani."

Nilidhani ni maneno ya mahubiri. Sikujua kwamba kweli alikuwa akijificha.

Darasa la ubatizo lilikuwa Alhamisi alasiri, ndani ya kanisa la bati lililokuwa na joto la tanuri. Alifundisha kwa kipande cha mkaa ukutani. Alichora kiti cha enzi katikati, halafu watu upande wa kuume na watu upande wa kushoto, kondoo na mbuzi. Mtu mwingine angeanza na kuume. Yeye alianza na kushoto kila mara, na kila mara kulimchukua muda mrefu; aliweka wevi, wachawi, waongo, wanywaji, wanaume wanaopiga wake zao. Mwisho kabisa, karibu na kiti, si kuume wala kushoto, alichora mwanamke aliyembeba mtoto mgongoni.

"Huyu ni nani?" mtu aliuliza siku moja.

"Shahidi," alisema.

Tukamwamini. Tulidhani yumo kitabuni. Nilipojua kusoma vizuri nilimtafuta yule mwanamke, sura kwa sura, mstari kwa mstari, nisimpate. Nikamwambia, "Mwinjilisti, shahidi simwoni." Aliufuta ukuta kwa kiganja, mkaa ukamjaa mkono mzima, akasema tutaendelea Alhamisi ijayo. Alhamisi iliyofuata alimchora tena.

Lazima niseme habari zangu, maana bila hizo hamtamwelewa.

Nilikuwa mke wa pili. Mke mkubwa, Mama Shija, ndiye aliyenichagua. Alinijia nyumbani kwetu na mumewe akiwa nyuma yake kama mtoto anayepelekwa kununuliwa nguo. Tuliishi katika ua mmoja, tukapika kwa zamu, tukalea pamoja. Nilipojifungua mapacha, Kulwa na Doto, yeye ndiye aliyemnyonyesha Doto nilipoishiwa maziwa. Sikuona ubaya wowote katika maisha yale mpaka nilipoingia kwenye darasa la Mwinjilisti.

Sheria ya misheni ilikuwa hivi: mwanamume mwenye wake wawili habatizwi mpaka abaki na mmoja, na mke wa pili habatizwi mpaka atoke. Mke wa kwanza hana tatizo. Hakuna aliyenieleza hivyo waziwazi. Nilisoma mwaka wa kwanza, Bwana Mchungaji akaja kutoka misheni na motokaa yake kutuhoji. Aliniuliza maswali saba nikajibu saba. Majina yaliposomwa langu halikuwamo. Nikafikiri limesahauliwa. Mwaka wa pili hivyo hivyo. Mwaka wa tatu nilikuwa ninawafundisha wenzangu wasiojua kusoma, na wale niliowafundisha wakavikwa nguo nyeupe wakaenda mtoni wakiimba, nami nikabeba vikapu vyao vya chakula.

Jioni ile nilimkuta Mwinjilisti akipalilia.

"Nimekosea swali gani?" nikamwuliza.

"Hukukosea."

"Basi kwa nini?"

Akaendelea kupalilia. "Subiri, Mama Kulwa."

"Na akija kabla? Ulitufundisha mwenyewe, anakuja kama mwivi. Akija kesho nitakuwa upande gani?"

Jembe likasimama. Hakunitazama. "Subiri," akasema tena, kwa sauti ya mtu anayeomba.

Hivyo ndivyo nilivyoishi. Nilipika huku sikio likiwa nje. Radi ya mbali ilinifanya niache mwiko. Nilipokuwa nikiwafunika watoto niliwapanga nijue kila mmoja alipo, ili nikiamshwa ghafla niwashike wote wawili kwa mara moja. Nikiondoka kwa mume wangu, nawaacha wanangu, maana kwa mila yetu watoto ni wa aliyetoa ng'ombe wa mahari. Nikibaki, naungua. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na nilikuwa nimezungukwa pande zote mbili, na aliyenizungushia ukuta ni jirani aliyekuwa akinigawia mbegu za muhogo.

Nisiseme kwamba alikuwa mtu mbaya. Wakwe zangu walipokuja kutufanyia mila za mapacha, ngoma na dawa na matusi ya kimila ambayo lazima yatukanwe, Mwinjilisti alikuwa amehubiri dhidi ya mambo hayo Jumapili mbili mfululizo. Siku yenyewe alikuja mpaka kwenye minyaa na kapu la unga kichwani. Akalitua. "Sijaja kwenye ngoma," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Nimekuja kwa watoto." Akageuka akaenda. Baba Kulwa alicheka mpaka akakohoa, lakini baadaye alisema, "Yule mtu angekuwa mzuri sana kama asingejua mambo mengi."

Kisha kuna lile la Mama Shija. Mwinjilisti alimfuata mwenyewe, akamwambia njia iko wazi kwake, yeye ni mke wa ndoa ya kwanza, aje ajiandikishe. Tulikuwa tumekaa tunakatakata viazi vya michembe ya kuanika. Mama Shija hakuacha kukata.

"Na huyu?" akaonyesha kwa kisu mahali nilipokaa.

"Mambo ya Mama Kulwa yanaangaliwa."

"Yakishaangaliwa utatuita wote. Mimi siingii mlango ambao mwenzangu amefungiwa."

"Mama Shija, hili si la kungojana. Kila mtu atasimama peke yake."

"Ndiyo, nimesikia unavyohubiri. Sasa nikisimama peke yangu huko, niulizwe nilimwacha wapi aliyekuwa akinisaidia kupika, nijibu nini?"

Mwinjilisti alirudi kwake. Wiki ile nzima hakuonekana uani, na Alhamisi darasa halikuwapo. Mama Ruthi alisema ana homa. Hakuwa na homa.

Siku niliyomjua ni siku king'ora cha mgodi kilipokwama.

King'ora kile kililia mara tatu kwa siku, kwa kubadilisha zamu, mlio mfupi tuliouzoea kama jogoo. Siku hiyo, jua likiwa utosini, kililia nje ya saa yake na hakikunyamaza. Kwanza tukadhani ni ajali. Wanawake wakaanza kukimbilia shimoni. Kikaendelea. Mbwa wakalia. Kilikuwa kiangazi, upepo ulikuwa umeinua vumbi jekundu mpaka jua likaonekana kama chungu kilichotoka motoni, na mlio ule ukazidi kwenda bila kuvuta pumzi. Hakuna anayejua nani alisema kwanza. Mimi nilisikia mwanamke akipiga yowe: "Ndiyo yenyewe!"

Nikawashika wanangu. Mama Shija akanishika mimi. Tulipiga magoti uani, nami nikawa nasema maneno yote niliyofundishwa, mbio mbio, kama mtu anayetupa vitu nje ya nyumba inayoungua. Pande zote watu walikuwa wakiungama kwa sauti. Fundi mmoja alikuwa akipiga kelele kwamba aliyeiba kuku wa jirani ni yeye. Siku nyingine ningecheka.

Nikatazama upande wa pili wa minyaa nimwone Mwinjilisti. Niliamini nitamwona amesimama, mikono juu, uso uking'aa. Kama kuna mtu aliyeisubiri saa ile ni yeye. Nikamwona anakimbia. Alikuwa ametoka chumba cha taa, miguu mitupu, shati limefunguka. Akaipita nyumba yake. Akampita Mama Ruthi aliyekuwa amemnyoshea mikono. Akapita kanisa. Alikuwa akikimbia kuelekea kusini, njia ya Masumbwe, ambako ni mwendo wa siku nyingi kwa miguu, na alikuwa akipiga ukelele kwa ile sauti yake ya mahubiri:

"Mama Limi! Mama Limi! Mama Limi!"

Hapakuwa na Mama Limi yeyote kijijini kwetu.

King'ora kikanyamaza. Kumbe waya tu ulikuwa umekwama, na fundi wa mitambo amepanda kuung'oa. Watu wakasimama, wakajipangusa magoti, wakaanza kuepuka macho ya wenzao. Wanaume wawili walimfuata Mwinjilisti wakamkuta maili mbili mbele, amekaa katikati ya barabara, nyayo zinavuja damu. Alirudi akipita katikati yetu bila kumsalimia mtu.

Kesho yake bombani Mama Ruthi alinieleza. Hakuonekana kuwa na hasira. Alikuwa mwanamke mwembamba, mtaratibu, aliyezungumza kama anayehesabu punje.

"Alikuwa na mwenzangu," alisema. "Kabla ya kuongoka. Mimi mkubwa, yeye mdogo, kama ninyi hapo. Alipotaka ubatizo akaambiwa achague. Mimi nilikuwa wa kwanza, basi hakukuwa na kuchagua. Limi alikuwa hajaanza kutambaa. Alimsindikiza mpaka njia panda akamwambia aende kwao Masumbwe. Mwenzangu hakulia. Alimbeba mtoto mgongoni akamwuliza neno moja tu: 'Nimefanya nini?' Naye hakuwa na jibu, kwa sababu hakuwa amefanya kitu."

Maji yakajaa ndoo yangu yakamwagika.

"Tangu siku hiyo anahubiri hukumu," akasema Mama Ruthi. "Watu wanadhani anawatisha wao."

Nilimkuta Mwinjilisti Alhamisi kanisani peke yake. Baada ya mambo ya king'ora hakuna aliyekuja. Miguu ilikuwa imefungwa matambara. Nikamwambia, "Shahidi nimempata."

Akasema, "Keti, Mama Kulwa."

Niliketi. Nilikuwa na maneno mengi lakini yeye ndiye aliyesema.

"Umeniuliza mara tatu umekosea nini, na mara tatu nimekuambia subiri. Ilinipasa kukuambia: mwache mume wako. Ndiyo sheria niliyopewa nikufundishe. Sijakuambia. Ulimi unakataa. Nikikuambia, nitakuwa nimemsindikiza mwanamke mwingine njia panda."

"Basi liandike jina langu hivyo hivyo nilivyo."

"Nikiliandika," alisema, na hapo akanong'ona kama anayezungumza na ukuta, "nikiliandika jina lako, na ukakubaliwa ulivyo, basi yule wangu nilimfukuza bure."

Nimesikia mahubiri mengi tangu siku ile, kwa sauti nzuri kuliko yake. Sijawahi kusikia neno lililonifungia kama lile. Kwa sababu nilielewa kwamba hatabanduka. Alikuwa amesimama mlangoni kwangu, hawezi kuingia, hawezi kutoka, na mimi nyuma yake.

Mwaka uliofuata Mama Ruthi aliumwa tumbo, akafa baada ya siku tisa. Mwinjilisti alimzika vizuri, akakaa matanga, akavuna muhogo wote akaugawa. Kisha Jumapili moja, baada ya wimbo wa pili, badala ya kufungua kitabu alikifunga. "Nakwenda kumtafuta mtu," alisema. Alivaa viatu vyake barazani, akashika njia ya kusini. Hakuna aliyemsindikiza. Bwana Mchungaji alimtuma mwinjilisti mwingine, kijana mchangamfu aliyepaka nyumba ile udongo pande zote katika wiki moja.

Miaka ikapita. Baba Kulwa akaanza kukohoa, kile kikohozi cha vumbi la mawe kinachowachukua wachimbaji, na mzaha ukamwisha kidogo kidogo, kama mafuta ya taa. Alipokuwa mahututi, yule kijana mwinjilisti alikuja kumwuliza kama atakubali maji ya ubatizo. Alimweleza habari za mbinguni. Baba Kulwa alisikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa mtu wa adabu.

"Baba yangu yuko huko?" akauliza.

Kijana akasema kwamba baba yake hakuwahi kuisikia injili.

"Na mama?"

Kijana akatikisa kichwa.

"Basi huko nitakaa na nani?" akasema mume wangu, akageukia ukuta. Alikufa siku ya tatu.

Alipokwisha kuzikwa, mimi na Mama Shija tukawa wajane, na mjane si mke wa pili wa mtu yeyote. Kifo kilifungua mlango ambao miaka kumi ya kujifunza haikuufungua. Pentekoste iliyofuata tulivikwa nguo nyeupe sote wawili, tukaenda mtoni tumeshikana mikono. Nilikuwa nimeingoja siku ile ujana wangu wote. Maji yalikuwa ya baridi. Nilitoka nikingoja furaha.

Badala yake Mama Shija akaacha kula. Haikuwa saumu, alikuwa akikaa mbele ya chakula akikitazama.

"Tumeingia," aliniambia siku moja, "tumemwacha nje."

Nikajaribu maneno niliyoyajua. Hayakumfaa. "Wewe ndiye msomi," akasema. "Tafuta pa kuuliza. Nataka kujua alipo. Nikiambiwa yuko motoni nitajua, lakini niambiwe."

Mtu pekee niliyeweza kufikiria kumwuliza ni yule aliyetufundisha.

Nilipanda lori la pamba, siku mbili, nikafika Masumbwe Jumapili asubuhi nikiwa na nyuzi za pamba mpaka kwenye nyusi. Sikuwa na haja ya kuulizia sana. Nilifuata sauti ya wimbo mpaka kwenye kanisa dogo la udongo, na nje, chini ya dirisha, juu ya jiwe, alikuwa amekaa mzee amefunika magoti kwa blanketi, akiimba sauti ya chini pamoja na waliomo ndani.

"Shikamoo, Mwinjilisti."

Alinitazama, akachelewa, kisha akanijua. "Marahaba, Mama Kulwa. Usiniite hivyo hapa. Nimetengwa." Aliposema hivyo alionyesha ukuta kwa kidole gumba, kama mtu anayeonyesha chumba chake. Ndani kijana alikuwa akihubiri kondoo na mbuzi. Akakosea kutaja sura, na mzee akanong'ona namba iliyo sahihi, bila kujua kwamba amenong'ona.

Baada ya ibada alinipeleka nyumbani. Ilikuwa nyumba ya Mama Limi. Nilimwona yule mwanamke wa ukutani: mfupi, mpana, nywele nyeupe, macho yote mawili yamezibwa na mtoto wa jicho. Limi mwenyewe alikuwa ameolewa mbali. Mama Limi alinipokea kwa Kisukuma cha huko kwao kilichochanganyika na Kisumbwa, "Mwangaluka, mayu," yaani habari za asubuhi, mama, akanipa maji ya kunawa.

"Alifika hapa akapiga magoti pale," aliniambia, akionyesha mahali kuku walipokuwa wakidonoa. "Akaniuliza kama atasamehewa. Nikamwambia maji yamekwisha, achukue ndoo."

Mwinjilisti alitazama chini. Ikaonekana amelisikia hilo mara nyingi.

Kanisa lilikuwa tayari kuwafungisha ndoa, yeye akiwa mgane. Mama Limi ndiye aliyekataa. Ng'ombe wa baba yake walikwisha kutolewa, alisema, na hawakurudishwa hata mmoja. Yeye hakuwahi kuacha kuolewa, sasa aolewe mara ya pili na mtu yuleyule kwa nini? Basi kanisani wanahesabiwa kuwa wazinzi. Mwinjilisti akiondoka, anamwacha kipofu na kurudia kosa lake. Akibaki, atakufa akiwa nje ya dirisha.

"Na bado unaamini yote yale?" nilimwuliza.

"Yote. Ningeweza kutoamini ningepumzika."

Ndipo nikamweleza lililonileta. Nilimwambia kikohozi, swali la baba na mama, jinsi alivyogeukia ukuta. Nilimwambia Mama Shija na sahani yake ya chakula. "Wewe ndiye uliyenifundisha nani anakaa wapi," nikasema. "Niambie basi. Baba Kulwa yuko upande gani?"

Nilimwona akitafuta. Miaka yote niliyomjua alikuwa na jibu kabla swali halijaisha.

"Sijui," alisema.

"Umesafiri siku mbili kuja kuambiwa hivyo," akasema Mama Limi kutoka jikoni, si kwa ukali.

Nilikasirika. Nataka kulisema hili kwa ukweli: sikumwonea huruma, nilimkasirikia. Alikuwa amejua vya kutosha kunizuia mlangoni miaka yote ile, na sasa hajui. Nilimwambia hivyo. Hakujitetea. Alisema tu, "Nilifundisha kana kwamba nilionyeshwa orodha. Sikuonyeshwa, Mama Kulwa. Niliogopa, nikadhani kuogopa ni kujua." Kisha Mama Limi akamwita amshike mkono ampeleke kunawa, naye akainuka mara moja, akaniacha nimekaa na hasira zangu. Niliwatazama wakivuka ua polepole. Hakuwa akimwongoza vizuri. Alikuwa akitazama chini, na yule kipofu ndiye aliyemkwepesha jiwe.

Nilirudi na lori. Sikumwona tena, na mwaka haukwisha tukasikia amefariki. Walimzika nje ya makaburi ya kanisa.

Mama Shija alikuwa amekaa mlangoni nilipofika kutoka Masumbwe, uso umemwingia ndani. Hakunisalimia. Aliniuliza, "Amesemaje?"

Nilikuwa nimeazimia njia nzima kumwambia neno lile nililopewa. Nikamtazama mikono, imekonda mpaka pete imefungwa uzi isianguke.

"Amesema tutamkuta," nikamwambia. "Amesema Baba Kulwa yuko mahali pazuri, na anatungoja."

"Amesema hivyo? Mwenyewe?"

"Kwa kinywa chake."

Alikaa kidogo. Kisha akasema, "Kuna ugali?" Nikampikia, akala wote, nikampikia mwingine.

Aliishi miaka sita zaidi, akafa akitabasamu, akiwa na hakika. Mimi bado nipo. Kila ninapokwenda Meza ya Bwana huwa najihoji kabla, kama tulivyofundishwa, nataja makosa yangu moja moja, na lile nililomwambia Mama Shija nalifikia, na nalipita. Kulitubu ni kusema kwamba nisingelirudia.